Somo la Tano: Mlaji Chini ya Mwembe



Katika lugha ya sheria, mlaji ni kila mtu anayenunua bidhaa au huduma kwa matumizi yake mwenyewe: anayenunua bati, anayepanda basi, anayelipia umeme. Katika lugha ya nyumbani, mlaji ni yule anayekula. Katika masomo yaliyotangulia tumelitumia neno hili kwa maana ya kwanza. Leo maana hizo mbili zinakutana kwenye benchi moja, chini ya mwembe mmoja, mbele ya sahani moja ya wali.

Tumeliweka somo letu Goweko, katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora. Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, mashariki ya mji wa Tabora. Katika stesheni za namna hii msafiri anayeshuka kwenye treni, mkulima aliyeleta mazao sokoni na kibarua wa kutwa hula chakula cha mchana kwa mama lishe, mahali pa wazi, penye kivuli cha mti au cha turubai. Mifano tutakayoitoa ni ya kufundishia, wala haimhusu mfanyabiashara yeyote maalumu. Msomaji wa Malongwe, wa Igalula au wa stesheni nyingine yoyote atajiona ndani yake.

Swali la somo ni hili: Je, kula mahali pasipo ukuta wala sakafu ni kujiweka hatarini? Jibu letu ni kwamba si ukuta unaomlinda mlaji. Vinavyomlinda ni moto, maji, muda, na bei iliyotajwa mapema. Vyote vinne vinaweza kuonekana au kuulizwa kabla mtu hajaketi. Mlaji anayejua kuviangalia atakula kwa amani chini ya mwembe. Asiyejua ataugua hata katika hoteli yenye vigae.

Meza ya kale kando ya njia

Chakula cha njiani hakikuanza na reli. Kabla ya treni, Unyanyembe palikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, karibu na mji wa leo wa Tabora, mwaka 1857, wakawakuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kujenga nyumba na kustawi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walilipwa chakula chao kwa kipimo: kibaba cha nafaka kwa mtu mmoja kwa siku moja. Hiyo ndiyo iliyoitwa posho. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na mpagazi aliyepewa kibaba kisichojaa alijua papo hapo kwamba amepunjwa. Kwa maneno mengine, mlaji wa njia hii alidai kipimo cha haki zamani sana, kabla hatujawa na sheria zilizoandikwa.

Misafara iliacha alama katika ardhi na katika chungu. Miembe iliyopandwa kandokando ya njia ingali ikitoa kivuli Tabora. Wali na pilau kutoka pwani vilikutana na ugali, mlenda, kisamvu cha karanga, na michembe ya viazi vitamu iliyokaushwa juani. Reli, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika imekuwa ikisafiri kwa treni kuelekea mashariki. Kwa hiyo sahani ya mama lishe wa stesheni ni kumbukumbu ya biashara ya watu wengi.

Hali hii haiko kwetu peke yetu. Katika miji ya bandari ya Penang, Melaka na Singapore, wazao wa Wachina waliohamia huko na kuoa wenyeji, waitwao Peranakan, walichanganya mapishi ya kwao na viungo vya Wamalay, na chakula hicho leo huliwa hata kwenye meza za wazi za wachuuzi. Kinachotufaa katika somo hili ni namna Singapore ilivyowashughulikia wachuuzi hao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliwasajili, kisha ikawajengea maeneo yenye maji ya bomba na mifereji ya majitaka. Chakula kiliendelea kupikwa mbele ya macho ya mlaji, kwa bei ya mtu wa kawaida. Mwaka 2020 utamaduni huo wa kula kwa wachuuzi uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Funzo ni kwamba mamlaka haikuhitaji kuliua jiko la wazi ili kuleta usafi. Ilihitaji kulipatia maji na usimamizi.

Haki nne za mlaji

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe akataja haki nne za mlaji: usalama, taarifa, uchaguzi na kusikilizwa. Ndiyo maana 15 Machi huadhimishwa duniani kuwa Siku ya Haki za Mlaji. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani na kukataza kumlaghai mlaji. Tuzichukue haki hizo nne, moja baada ya nyingine, tukaziketishe kwenye benchi la Goweko.

Haki ya kwanza: usalama

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yanayobeba kipindupindu na homa ya matumbo. Ukifika, angalia mahali pa kunawia. Je, pana ndoo yenye koki, au jagi ambalo mtu humiminiwa, pamoja na sabuni? Au pana beseni moja ambalo kila mteja huchovya mikono ndani yake? Beseni la pamoja haliondoi uchafu. Huuhamisha kutoka mkono wa mmoja hadi mkono wa mwingine. Angalia pia sahani zinakooshewa. Vyombo vilivyooshwa kwa sabuni, vikasuuzwa kwa maji mengine safi na kuanikwa kwenye kichanja, ni salama kuliko vilivyofutwa kwa kitambaa kimoja tangu asubuhi. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, na yatolewe kwa kumiminwa, si kwa kuchota na kikombe cha kila mtu.

Pili ni moto. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kipikwe hadi kufikia nyuzijoto 70 ndani yake, na kikisubiri kuliwa kibaki na joto linalozidi nyuzijoto 60. Mama lishe hana kipimajoto, wala mlaji hana. Lakini wote wawili wana macho: chakula chenye joto la kutosha hutoa mvuke kinapofunuliwa. Mchuzi uwe unachemka, na nyama ya kuku isiwe na wekundu karibu na mfupa. Kisu na ubao wa kukatia nyama mbichi visitumiwe kukatia kachumbari kabla ya kuoshwa.

Tatu ni muda, na hapa ndipo mlaji wa stesheni anapotofautiana na mlaji wa mjini. Tuseme treni inatarajiwa saa sita mchana. Mama lishe ameepua wali saa tano asubuhi ili wateja wasikawie. Treni inachelewa, inaingia saa tisa alasiri. Wali ule umekaa saa nne. Kanuni ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida la hewa, kwa kuwa kati ya nyuzijoto 5 na 60 bakteria huzaliana upesi.

Wali unahitaji tahadhari ya pekee. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus huweza kustahimili upishi. Wali ukiachwa upoe polepole, huchipua na kutoa sumu inayosababisha kutapika, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto tena. Watu wengi hudhani kwamba kiporo kikishachemshwa kimetakasika. Kwa wali uliolala nje ya jiko, si kweli.

Je, mama lishe afanye nini treni inapochelewa? Apike kwa mafungu, sufuria ndogo baada ya sufuria ndogo, badala ya kupika sufuria moja kubwa alfajiri. Wali ulioiva aupalie makaa juu na chini, akiufunika vizuri, ili joto lisishuke. Naye mlaji aulize kwa adabu: “Shikamoo mama. Wali huu umeepuliwa saa ngapi?” Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Mama mwenye chakula kizuri hulifurahia, maana ndilo linalomtofautisha na asiyejali.

Mwisho katika haki hii ni malighafi. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na huko hatukuwa mbali na meza zetu, kwa kuwa nafaka husafiri. Upishi hauiondoi sumu hii. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zisiliwe wala zisisagwe kuwa kiungo cha kisamvu. Ukionja uchungu, tema, kisha mwambie mwenye chakula, kwa maana huenda naye hajui alichouziwa.

Haki ya pili: taarifa

Tuseme msafiri mwenye njaa anaketi na kuagiza wali kwa kuku. Anauliza bei, anajibiwa, “Kaa tu mwanangu, bei ni ya kawaida.” Anakula. Treni inapiga honi, anatakiwa kutoa shilingi 5,000, ilhali jirani yake kwenye benchi amelipa shilingi 3,000. Msafiri anaona ameibiwa. Mama lishe anaona anatukanwa, kwa kuwa kuku wa msafiri alikuwa wa kienyeji na wa jirani alikuwa wa kisasa. Huenda wote wawili wanasema kweli. Kosa lao lilitendeka kabla ya chakula kuletwa: mmoja hakutaja bei, na mwingine aliketi bila kuijua.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kuketi, mlaji aulize mambo matatu. La kwanza, sahani hii ni shilingi ngapi? La pili, ndani yake mna nini: nyama ni kipande gani, na maharage na mboga za majani vimo au vinalipiwa mbali? La tatu, maji ya kunywa na nyongeza ni bure au ni kwa bei? Anayelipa kwa simu aulize pia makato yatabebwa na nani. Mazungumzo haya hayamalizi dakika moja, na huokoa ugomvi wa nusu saa.

Kwa mfanyabiashara, kibao kilichoandikwa kwa chaki bei za wali, ugali, kuku, samaki na chai kinatosha. Kibao hicho humwondolea mteja mashaka na humwondolea mwenye biashara maneno mengi. Humlinda pia dhidi ya mteja mjanja anayedai, akishashiba, kwamba aliambiwa bei nyingine.

Kuhusu kipimo, sahani haipimwi kwa mizani. Upawa wa mama lishe ndio kibaba cha leo. Mlaji ana haki ya kuona kiasi kabla ya kukubali, na upawa wa mteja wa kwanza uwe sawa na upawa wa mteja wa mwisho. Lakini anayenunua mchele au karanga mbichi za kupeleka nyumbani adai mizani iliyokaguliwa. Kopo lililobonyezwa kwa ndani si kipimo, ni hila, na Wakala wa Vipimo una mamlaka ya kulishughulikia jambo hilo.

Haki ya tatu: uchaguzi

Treni inaposimama, wauzaji hukimbilia madirishani na abiria huhesabu dakika. Haraka hiyo ndiyo adui mkubwa wa uchaguzi. Mtu hulipa kabla ya kuona, hupokea kabla ya kufunua, na chenji hubaki kwa muuzaji treni inapoondoka. Ushauri wetu ni mwepesi. Mwenye safari aandae noti ndogo mapema. Afunue chombo na kuangalia chakula kabla ya kutoa fedha. Na achague vyakula vinavyovumilia safari: mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi mbivu, mahindi ya kuchoma yanayotoka motoni, viazi vitamu vya kuchemsha vyenye maganda. Maganda ni kifungashio bora kuliko vyote, lakini mikono inayomenya inawe kwanza.

Anayetaka kuondoka na wali na mchuzi abebe bakuli lake lenye mfuniko. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na hata kabla ya marufuku hiyo mfuko mwembamba haukuwa chombo cha kutiliwa mchuzi unaochemka. Na chakula hicho kiliwe mapema. Kanuni ya saa mbili husafiri pamoja na abiria ndani ya behewa.

Kuchagua kuna uzito mwingine pia. Tuseme mama lishe mmoja ananunua sabuni, analipia maji safi na kuni za kuyachemshia, anapika kwa mafungu. Jirani yake hafanyi hata moja kati ya hayo, na anauza kwa bei ya chini kidogo. Ikiwa walaji wote watafuata tofauti hiyo ndogo ya bei, yule mwangalifu atafunga biashara, na sisi tutabaki na mezani petu yule mzembe. Kila mlaji anapoketi penye ndoo ya koki na sabuni, amesaidia kuujenga usafi wa stesheni nzima.

Haki ya nne: kusikilizwa

Chakula kikiwa na kasoro, mtu wa kwanza wa kuambiwa ni aliyekipika. Mwambie pembeni, kwa utulivu, kasoro uliyoiona: “Mama, kuku huyu hajaiva karibu na mfupa.” Mara nyingi atabadilisha au kurudisha fedha. Kupaza sauti mbele ya benchi zima kabla ya kuhakikisha humwangamizia mtu riziki kwa dhana.

Akikataa, au ikiwa kasoro ni ya kuhatarisha wengi, nenda kwa afisa afya wa kata au ofisi ya serikali ya kijiji, na kutoka hapo kwa Halmashauri ya Wilaya. Maafisa afya wana mamlaka, chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ya kukagua mahali panapouzwa chakula. Andika siku, saa, chakula ulichokula, na majina ya wenzako waliokula pamoja nawe. Bidhaa ya kiwandani iliyoharibika au iliyopita muda wake, kama vile soda au biskuti, ihifadhiwe pamoja na kifungashio chake, kwani Shirika la Viwango Tanzania litahitaji kuiona.

Ukianza kuharisha na kutapika, usisubiri kuandika malalamiko. Nenda kituo cha afya mara moja, hasa kinyesi kikiwa kama maji ya mchele. Ukiwa njiani, kunywa mchanganyiko wa dawa ya maji na chumvichumvi kadiri ilivyoelekezwa kwenye pakiti. Ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, koroga, unywe kidogokidogo. Usizidishe chumvi.

Yanayopotea tusipoangalia

Mwezi Agosti 2015 ulianza mlipuko mkubwa wa kipindupindu nchini, na katika maeneo mbalimbali mamlaka zilipiga marufuku uuzaji wa chakula cha wazi. Marufuku ya namna hiyo haitofautishi ndoo ya koki na beseni la pamoja. Mama aliyekuwa akichemsha maji alizima jiko siku moja na yule asiyechemsha, na ada za shule za watoto wake zikazimika pamoja nalo. Kibarua naye, aliyezoea mlo wa bei nafuu karibu na kazi yake, alishinda na njaa au akalipa zaidi. Hivyo tunapouliza “maji haya yamechemshwa?” hatuulizi kwa ajili ya tumbo letu tu. Tunalinda jiko la mama na mlo wa atakayekuja kesho.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika stesheni msemo huu huenda pande mbili: mwenyeji hupona kwa fedha ya mgeni, na mgeni hupona kwa usafi wa mwenyeji.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo manne ambayo mlaji anaweza kuyaangalia au kuyauliza kabla ya kuketi kwa mama lishe.
2. Kwa nini kupasha moto wali uliokaa saa nyingi hakuufanyi uwe salama?
3. Katika mfano wa wali kwa kuku, kila mmoja kati ya msafiri na mama lishe angefanya nini ili kuepusha ugomvi?
4. Tembelea mahali pa wazi pa kulia chakula karibu nawe. Pana maji ya kutiririka na sabuni? Bei zimeandikwa? Jadilini na wenye biashara kitu kimoja ambacho walaji na wapishi mnaweza kukirekebisha pamoja ndani ya mwezi mmoja.